Mwendo wa Siku Ngapi?

Ukichukua ramani ya Afrika ya Mashariki, msomaji wangu, na rula mkononi, waweza kupima kwa dakika moja umbali uliopo kati ya Masara na Musoma. Weka ncha moja ya rula juu ya nchi ya Suna, magharibi ya mji wa Migori. Weka ncha ya pili kusini-magharibi, kwenye ufuko wa ziwa upande wa Tanzania. Utaona kwamba mstari ulionyooka haufiki kilomita 100. Jibu hilo ni la kweli, na mwalimu wako wa jiografia atakupa alama. Lakini nenda na swali hilo hilo kwa mzee wa kijijini, umwulize Musoma ni mbali kiasi gani. Hatakujibu kwa kilomita wala kwa maili. Kwanza atakuuliza: waenda kwa njia gani? Kisha: waenda kufanya nini? Na mwisho atakuuliza swali ambalo ndilo kubwa kuliko yote: utarudi lini?

Rai yangu ni kwamba mzee huyo ni mpimaji bora kuliko rula. Ardhi ina urefu wake, hapana shaka, lakini umbali ni kitu kinachotengenezwa na watu. Hutengenezwa kwa barabara na kwa vyombo, kwa kodi na kwa sheria, kwa urafiki na kwa uadui. Na kile watu walichotengeneza, watu waweza kukirefusha au kukifupisha, ilhali ardhi imekaa pale pale. Watunzi wa hadithi walilijua jambo hili tangu zamani. Ndiyo sababu katika insha hii ya historia nitawaita watoe ushahidi wao pamoja na mafundi wa reli na wachora mipaka.

Tuanze na miguu, maana ndiyo iliyoanza. Kabla ya gari moshi na motokaa kufika Nyanza, watu wa pande hizi walihesabu safari kwa siku. Mahali palikuwa mwendo wa siku moja, au wa siku mbili, au mwendo wa kutoka alfajiri hadi ng'ombe warudipo zizini. Usidhani kwamba hicho kilikuwa kipimo cha watu wasiojua kupima. Kilikuwa kipimo chenye habari nyingi kuliko maili, kwa sababu ndani yake mlikuwamo vilima, jua, mzigo, na umri wa mwenye kwenda. Zaidi ya hayo mlikuwamo mito. Mto Kuja hutoka katika milima ya Gusii, hupokea maji ya mto Migori, kisha humwagika ziwani. Wakati wa kiangazi mtu aliweza kuuvuka mahali pengi huku maji yakimfika magotini. Wakati wa masika alikaa ukingoni akingoja, pengine siku nzima, pengine zaidi. Kwa hiyo njia moja ilikuwa na urefu wa namna mbili, wa kiangazi na wa masika. Rula haina namna ya kuonyesha hayo.

Tena njia yenye jamaa ilikuwa fupi kuliko njia isiyo na jamaa. Msafiri hakubeba chakula cha safari nzima. Alikwenda kutoka kwa shemeji hadi kwa mjomba, na kutoka kwa mjomba hadi kwa rafiki wa baba yake, akipata maji, ugali, moto na mahali pa kulaza ubavu. Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku kwetu jambo hilo lilikuwa na uzito wa sheria, na sheria hiyo ilihifadhiwa ndani ya hadithi. Karibu na Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, kuna ziwa dogo la mviringo liitwalo Simbi Nyaima. Wataalamu wa miamba husema kwamba ni shimo la mlipuko wa volkano ya zamani. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji, na usiku mmoja wa sherehe alifika bikizee aliyechoka na kuomba hifadhi. Watu walimfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemwonea huruma, naye akaonywa aondoke upesi. Wengine wote wakazama pamoja na nyumba zao. Kijana wa leo aweza kuicheka hadithi hiyo. Mimi humwuliza: katika nchi isiyokuwa na hoteli wala polisi wa barabarani, wazee wangewezaje kulinda msafiri ila kwa kuwatia hofu wenyeji? Kisa hicho kilikuwa sehemu ya barabara, kama daraja lilivyo sehemu ya barabara.

Kuna safari nyingine iliyo kubwa mno hata haihesabiki kwa siku. Mababu wa Wajaluo walitoka katika nchi ya Bahr el Ghazal, ambayo leo imo katika Sudan Kusini, wakapita kaskazini ya Uganda, wakaingia Nyanza kupitia Yimbo na mlima Ramogi, na baadaye wengine wao wakaivuka ghuba ya Winam wakafika pande za kusini. Profesa Bethwell Ogot aliyekusanya masimulizi ya safari hiyo, na kuchapisha kitabu chake juu ya historia ya Wajaluo wa kusini mwaka 1967, hakuwa na shajara za wasafiri wala tiketi zao. Alihesabu kwa vizazi. Mzee alimtajia baba, babu, baba wa babu, na kuendelea, na mwanahistoria akageuza majina kuwa miaka. Jambo moja ningependa ulione katika safari hiyo: hakuna mtu aliyeondoka Bahr el Ghazal akisema, “Naenda Masara.” Kila kizazi kilisogea kidogo kwa sababu ya malisho, au ugomvi, au maradhi, kikajenga, kikazika wafu wake, na kizazi kilichofuata kikasogea tena. Sisi tunaotazama nyuma ndio tunaoiona kuwa safari moja. Waliokuwamo waliona maisha tu. Na upande wa ziwa, katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, Wasuba husimulia habari ya mababu waliokuja kwa mitumbwi kutoka pande za Buganda. Wengi wa wajukuu wao leo husema Kijaluo. Ndiyo kusema lugha nayo husafiri, hata katika kinywa cha mtu aliyekaa nyumbani.

Sasa tuje kwenye chuma. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Kisumu mwezi Desemba 1901. Msafara wa miguu kutoka pwani hadi ziwani ulikuwa ukihesabiwa kwa miezi; gari moshi lilifanya miezi hiyo kuwa siku chache. Lakini kuna kisa kidogo ambacho hunifurahisha kuliko habari ya reli yenyewe. Meli ndogo iliyoitwa William Mackinnon iliundwa Uingereza, ikafunguliwa vipande vipande, na vipande hivyo vikaanza safari ya kwenda bara kabla reli haijafika ziwani. Ikaunganishwa Kisumu, ikashushwa majini mwaka 1900. Hebu ifikirie hali hiyo: chombo kilichokusudiwa kubeba watu kilibidi kwanza kibebwe na watu. Baada yake zilikuja meli kubwa zaidi, na bandari za Kendu Bay, Homa Bay na Karungu zikafungamana na Kisumu. Mtu wa Homa Bay akawa karibu na Kisumu kuliko mtu aliyekaa ndani ya nchi, ijapokuwa kwa miguu huyu wa ndani angefika mapema zaidi.

Wakati huo huo Waingereza waliwahamisha watu wa Nyanza kutoka nchi moja hadi nyingine bila wao kuinua mguu. Mpaka mwaka 1902 nchi hii ya kandokando ya ziwa ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Mwaka huo jimbo la mashariki la Uganda likaunganishwa na himaya ya Afrika ya Mashariki, yaani Kenya ya baadaye. Mkulima aliyekwenda kulala katika Uganda aliamka katika nchi nyingine, na jembe lake li pale pale ukutani.

Kilichofuata reli ni kodi. Kodi ya nyumba ilitakiwa kulipwa kwa fedha, na fedha haikuwa ikimea shambani. Kwa hiyo vijana wakatoka: wengine kwenda kufanya kazi ya reli, wengine gatini Mombasa, wengine Nairobi, na baadaye wengi katika mashamba ya chai ya Kericho. Katika miaka ya 1930 wengine hawakuhitaji kwenda mbali hivyo, kwa kuwa dhahabu ilichimbwa huku huku Nyanza ya Kusini, na hata leo wachimbaji wadogo wamo mashimoni katika nchi ya Masara na Macalder. Lakini sikiliza vizuri tofauti ya maneno. Babu wa babu alisafiri kwa sababu alitaka kufika mahali. Huyu kijana alisafiri kwa sababu alitaka kurudi, akiwa na fedha mkononi. Mahali alipokwenda palikuwa kama kisima: mtu hachoti maji ili akae kisimani.

Wengine hawakurudi. Mwezi Septemba 1914 jeshi la Wajerumani liliuvuka mpaka kutoka kusini likaingia Kisii, na vita ya Wazungu ikawa imefika mlangoni. Waingereza walihitaji wapagazi wa kuchukua chakula na risasi, na Nyanza ilitoa wengi sana, hasa katika msako wa mwaka 1917. Walitembea hadi kusini ya Tanganyika wakiwa na mizigo vichwani. Wengi walikufa, na wengi zaidi katika hao walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, liligeuka katika vinywa vya watu likawa Kariakoo. Ndilo jina la mtaa ule maarufu wa Dar es Salaam, na ndilo jina la soko la Kariokor la Nairobi. Siku utakapopita hapo kununua kikapu au kiatu, ujue kwamba unatamka jina la safari. Kwa mama aliyebaki akingoja, hakuna mahali palipokuwa mbali kuliko hapo, kwa sababu hakuambiwa kaburi liko wapi.

Nimesema mpaka. Mpaka huo ulitoka wapi? Mwaka 1886 serikali za Uingereza na Ujerumani zilipatana, kwa barua kati ya London na Berlin, kwamba mstari utoke mdomo wa mto Umba katika pwani ya Bahari ya Hindi, uzunguke Kilimanjaro, kisha uende moja kwa moja hadi mahali ambapo digrii moja kusini ya ikweta hukutana na ufuko wa mashariki wa ziwa Viktoria. Mahali hapo ni karibu na Muhuru. Mwaka 1890 wakaurefusha mstari huo juu ya maji, hadi ng'ambo ya pili ya ziwa. Hapakuwa na mto hapo, wala mlima, wala kabila moja lililokoma na jingine kuanza. Wajaluo walikuwa pande zote mbili, Wakuria pande zote mbili. Kutoka Muhuru hadi Shirati pa Tanzania si mbali hata kidogo, na watu waliendelea kuoana, kuzikana na kuuziana ng'ombe kana kwamba hapana aliyepiga mstari. Kwa muda mrefu mstari huo ulikuwa mwembamba. Baada ya Vita ya Kwanza Waingereza walitawala kaskazini yake na kusini yake pia, mpaka Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963.

Hapa ndipo nataka kuwaita watunzi.

Shaaban Robert, katika kitabu chake Kusadikika kilichotoka mwaka 1951, alibuni nchi inayoelea angani, na ndani yake wajumbe sita waliopelekwa kila upande: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mmoja alikwenda, akaona mambo ya manufaa, akarudi kuyaeleza. Malipo yao yalikuwa kifungo. Wanafunzi wengi hukisoma kitabu hicho kama fumbo juu ya serikali mbaya, na ndivyo kilivyo. Lakini kisome pia kama kitabu cha safari, na utaona kwamba mtunzi ameyapita mawimbi, joto na baridi kwa haraka ili afike kwenye hatari anayoijua: saa ya kurudi. Njia ya kwenda iliwekwa na maumbile. Njia ya kurudi iliwekwa na watu waliobaki nyumbani.

Wa pili ni Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, mke wa yule mwanahistoria niliyemtaja. Riwaya yake The Promised Land, yaani nchi ya ahadi, ilitolewa na East African Publishing House mwaka 1966. Kitabu cha mumewe kikatolewa na shirika lilo hilo mwaka uliofuata. Yafaa ulifikirie jambo hilo. Katika nyumba moja watu wawili walikuwa wakiandika juu ya Wajaluo wanaohama, mmoja akihesabu vizazi, na mwingine akiwafuata mume na mke wawili tu. Mume ni Ochola, mke ni Nyapol. Ndoa yao bado mpya wakati Ochola anapoamua kuiacha Seme na kwenda Tanganyika, kwa kuwa amesikia kwamba huko ardhi ni tele na rutuba ni nyingi. Nyapol hataki. Anakwenda kwa kuwa ni mke. Wanavuka kwenda kusini, wanalima, wanapata mavuno na mifugo na watoto. Kisha mzee jirani, ambaye ni mganga na mwenye kijicho, anamtupia Ochola uchawi, na mwili wa Ochola unaota miiba. Hospitali haimwezi. Mganga mwingine anamponya, lakini kwa sharti moja: waondoke mara, warudi kwao, na mali waiache.

Rula, tena, itakuambia kwamba kwenda na kurudi kwa Ochola ni masafa yale yale. Riwaya inasema sivyo. Wakati wa kwenda njia ilijaa matumaini, nayo ikaonekana fupi. Wakati wa kurudi alibeba kidogo kuliko alivyochukua mara ya kwanza. Na kuna umbali mwingine ambao Ogot aliuona vizuri kuliko mwanahistoria yeyote niliyemsoma: ule uliopo kati ya watu wawili wanaokaa chombo kimoja. Ochola anatazama mbele, Nyapol anatazama ufuko wanaouacha. Wamekaa bega kwa bega, lakini hawamo katika safari moja. Historia yetu ya kuhama imesimuliwa zaidi na akina Ochola. Ni wanawake wangapi waliokwenda Kericho, Mombasa au Musoma kwa sababu wameolewa tu, na hakuna aliyewauliza ni mwendo wa siku ngapi?

Kwamba kurudi ndicho kipimo kikuu, hilo halimo katika vitabu vya kubuni peke yake. Mwezi Desemba 1986 wakili mashuhuri S. M. Otieno alifariki Nairobi. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi, kwenye shamba lao. Ukoo wake, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga katika Siaya. Mahakamani watu walibishana juu ya nini kuwa nyumba na nini kuwa nyumbani. Maana mtu aweza kukaa miaka mingi katika nyumba nzuri mjini, na bado jamaa zake wakasema hajapata kuondoka kwao. Ukoo ulishinda, na mazishi yakafanyika Nyalgunga mwezi Mei 1987. Wengine wanaona hukumu hiyo ilikuwa haki, wengine wanaona ilimdhulumu mjane. Mimi naona walikuwa na hoja pande zote mbili, ingawa moyo wangu huwa kwa mjane.

Leo umbali umefupishwa kwa namna ambayo wazee hawakuiota. Mtoto aliye Nairobi humpigia mama yake simu akiwa njiani kwenda sokoni Masara, na tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007 hahitaji kumtafuta mtu mwaminifu wa kumkabidhi bahasha. Waliokuwa wakirudi kwa ajili ya fedha sasa hutuma fedha bila ya wao wenyewe kurudi. Sijui kama mama wote wanaona huo kuwa upungufu wa umbali au nyongeza yake. Ukimpata mmoja aliye tayari kusema, mwulize.

Narudi mwisho kwenye mstari wa Muhuru. Miaka 11 baada ya riwaya ya Grace Ogot kutoka, mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Mali ya shirika la reli na meli ikagawanywa. Vyombo vilivyozoea kuzunguka ziwa zima vikabaki upande vilipokuwa. Mtu wa Suna aliyekuwa na dada aliyeolewa upande wa Tarime, safari yake ya nusu siku ilikuwa imekatazwa. Wapo waliopita kwa vichochoro vya mashamba usiku, wakienda mazishini kama wezi. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Ukihesabu kwa rula, dada yule hakusogea hata hatua moja. Ukihesabu kwa kipimo cha mzee, alikuwa mwendo wa miaka sita.